Mbegu Hulishwa Kabla Haijavunwa

Karanga zikiota kwa mapengo, mkulima wa mwambao wa Lindi hulaumu mvua, mchwa, au aliyemuuzia mbegu. Mara nyingi halaumu bure. Ila ipo sababu isiyotajwa mikutanoni: njaa ya shamba lililoizaa mbegu hiyo. Toleo hili tumeitengea sababu hiyo.

Ua la karanga likishachavushwa, kikonyo chake huzama ardhini, na punje hujazwa humohumo. Kalsiamu ya kuijaza haishuki kutoka majanini. Ganda huifyonza lenyewe katika udongo unaolizunguka. Kwenye kichanga kilichooshwa na mvua za miaka mingi, mkulima huchimbua maganda matupu, na hata punje iliyojaa huweza kuwa na chipukizi lililokwisha kugeuka jeusi ndani. Boroni ikikosekana, moyo wa punje hubonyea na kuwa wa kahawia. Karanga ya namna hiyo kwa nje haina dosari. Sokoni inanunuliwa, jikoni inaliwa; ikifukiwa huoza, au hutoa mche mnyonge.

Kwenye mashamba yaliyokaa juu ya mawe ya matumbawe tatizo ni jingine: chokaa huifunga zinki, mizizi isiipate. Huko Uturuki, watafiti wa ngano walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba mbegu iliyobeba zinki nyingi huota na kukua vizuri zaidi kwenye udongo uliopungukiwa nayo. Akiba ya mche ni ile uliyowekewa na mmea mama.

Sisi bado tunatenganisha mbegu na mbolea. Kituo cha Naliendele cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) kimetupa ufuta wa Lindi 2002 na karanga za Pendo na Mnanje, kazi ninayoiheshimu sana. TOSCI, taasisi ya kudhibiti ubora wa mbegu, nayo inasimamia wakulima wanaozalisha mbegu za daraja la kuazimiwa ubora vijijini. Lakini jina la aina halilishi punje, na mbolea, kwa wengi wetu, bado ni DAP na urea tu. Mzalishaji wa mbegu anayetumia hizo mbili mwaka hadi mwaka huweza kuvuna magunia mengi yenye mbegu zenye njaa.

Linaloniuma zaidi ni jasi. Ipo Kilwa, inachimbwa Makangaga na Kiranjeranje, na malori huibeba kwenda viwanda vya saruji. Jasi ni kalsiamu na salfa. Ikisagwa na kunyunyizwa kwenye mistari ya karanga wakati wa maua, hulipa ganda kile linachokihitaji, mahali linapokihitaji. Saruji tunaihitaji, sina ugomvi nayo. Ninachotaka ni halmashauri, wachimbaji na Naliendele wakubaliane juu ya fungu dogo la jasi kwa mashamba ya mbegu peke yake. Hekta hizo ni chache, na mavuno yake hupandwa kwenye mashamba mengi.

Kabla ya hapo udongo upimwe. Boroni ina mpaka mwembamba kati ya kutosha na kuunguza mmea, hivyo isimwagwe kwa kukisia. Na mbegu ijaribiwe kabla ya msimu: punje mia, kitambaa chenye unyevu, siku saba hadi kumi. Zikiota chache, tuulize zilizaliwa shamba gani, na shamba hilo lililishwa nini.