Tunakwenda Guangzhou kununua uzuri, tunarudi hatukuuona

Nyumba mpya ikianza kusimama katika ukoo, safari ya China haikosi. Baba anakata tiketi, mama ana picha za majlisi alizozikusanya kwenye simu mwaka mzima, na watoto, kama skuli zimefungwa, wanafuatana. Wanashukia Guangzhou, wanalala Xiaobei kwa sababu chakula cha halali kiko mlangoni, na asubuhi ya pili wamo garini wanaelekea Foshan, mji wa jirani, kutafuta vigae, makochi, taa za kuning'inia na mapazia. Siku nane za kutoka duka kuingia duka. Jioni miguu imevimba, na watoto wamelala juu ya makochi ya watu, tableti mkononi. Kisha ni uwanja wa ndege na mizani ya mizigo.

Hawa ni watu waliokwenda kutafuta uzuri. Sikiliza maneno yao dukani: hiki kizuri, kile kizuri zaidi, rangi hii haikukaa. Siku zote nane kazi yao ilikuwa kutazama. Sasa waulize wakirudi, Guangzhou kukoje? "Kuna joto. Watu wengi. Kama huna mkalimani unaibiwa." Basi, hadithi imekwisha.

Siwacheki. Anayepakia kontena moja la mali ya maisha yake yote ana haki ya kuwa na wasiwasi, na wanaobadilisha mzigo baada ya kupokea pesa wapo, kila familia ina kisa chake. Lakini yupo mzee mmoja wa kwetu, mkaazi wa Muscat, ambaye safari zake za Guangzhou alishaacha kuzihesabu. Sasa magoti hayamruhusu. Wajukuu wanapomuuliza kuhusu China, anawatajia bei: nguo yadi moja ilikuwa kiasi gani, kodi ya bandari ilipanda lini. Wanasikiliza kwa adabu dakika mbili tatu, kisha wanarudi kwenye simu zao. Mimi huwa namuonea huruma. Miaka ishirini na zaidi alipita katika mji ule, na hana cha kuwapa watoto ila hesabu.

Na mji wenyewe haujifichi. Tuanze na ndege. Wengi wenu mmepanda au mmeiona China Southern, na mkiani mna ua jekundu. Watu wanadhani ni nembo tu iliyochorwa ofisini. Ua lile ni la mti, na mti wenyewe ndio uliochaguliwa kuwa alama ya mji wa Guangzhou. Wachina wanauita mumian. Sisi tungeuita ndugu wa msufi, maana ni ukoo mmoja na msufi wetu na hata mbuyu, na matunda yake yakipasuka yanatoa sufi ile ile ya kujazia mito. Mwezi wa Machi mti unasimama hauna jani hata moja, matawi matupu, umejaa maua mekundu makubwa kama kikombe cha chai, mazito kama ngozi. Hayapukutiki petali moja moja. Ua linaanguka zima, na unalisikia linapogonga chini. Wazee wa mtaa huyaokota, wakayaanika, wakayapika chai na supu. Wafanyabiashara wanaokuja kwa maonesho makubwa ya Aprili, yale yanayofanyika mara mbili kwa mwaka tangu 1957, huyakuta mwisho mwisho. Wanayakanyaga wakikimbilia teksi.

Mtu ataniambia: haya ni mambo ya watalii, mimi nimekuja kutafuta rizki. Ndiyo, na kama ningekuwa nahimiza kupanda mnara wa Canton au kupanda boti ya usiku kwenye Mto Pearl kupiga picha za taa, ungekuwa na haki ya kununa. Hizo nazo ni bidhaa, zina foleni na tiketi. Ninalolisema halihitaji siku ya ziada wala pesa ya ziada. Liko njiani unapopita.

Mfano ni msikiti. Ijumaa, karibu kila Muislamu aliyeko Xiaobei anakwenda Xianxian, pembeni ya bustani ya Yuexiu, lilipo kaburi linalosemwa na watu wa pale kuwa la Saad bin Abi Waqqas. Wanahistoria wana shaka, na wengi wetu tunajua kuwa kaburi lake liko Madina, lakini hilo tuwaachie wao. Angalia saa ile ya kabla ya khutba. Ndani hapatoshi, kwa hiyo mikeka inatandazwa nje chini ya miti: Mhui wa Gansu mwenye kofia nyeupe, Msenegali na joho la buluu, Myemeni, Msomali, kijana wa Dar na jezi ya mpira, wote safu moja, na vivuli vya majani vinawapita migongoni wakisujudu. Mara ngapi tumesalimia kushoto tukasimama kabla imamu hajamaliza dua, kwa sababu wakala anangoja nje?

Na wa pili, Huaisheng, ni mkongwe kuliko majumba mengi tunayoyalipia kiingilio. Mnara wake unafika mita 36 hivi, mweupe, mviringo, hauna nakshi hata moja. Wachina wanauita mnara wa nuru, kwa sababu zamani, mto ulipokuwa karibu, taa iliwekwa juu kuongoza majahazi. Hayo majahazi ni ya nani? Ni ya watu wa kwetu. Mji huu waandishi wa Kiarabu waliuita Khanfu, na mabaharia wa Oman walikuwa wakiufikia zaidi ya miaka elfu iliyopita. Kila ukipita mzunguko wa barabara wa Al Bustan, Muscat, unaliona jahazi la Sohar. Lilijengwa Sur kwa mbao zilizoshonwa kwa kamba za nazi, bila msumari, kama mitepe ya Lamu. Liliondoka Oman Novemba 1980, nahodha Tim Severin, likafika Guangzhou Julai 1981. Miezi saba na zaidi. Sisi tunaruka kwa saa nane hivi, na tunasema hatuna muda.

Wale wa zamani nao walikuwa wafanyabiashara, tena wagumu. Hawakwenda kustarehe. Lakini tazama walivyofanya na mali ya China ilipofika pwani yetu. Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, na Mambrui, karibu na Malindi, yapo makaburi ya mawe yaliyopachikwa bakuli na sahani za kaure kutoka China. Lamu, nyumba za mabwana zilichongwa zidaka ukutani, safu juu ya safu, na kaure ikapangwa humo. Sahani iliyovuka bahari mbili, yenye bei, mtu akaitia kwenye chokaa isiuzwe tena wala isiliwe chakula, ikae tu itazamwe na wapita njia. Hakuna aliyewaambia kuwa wanapoteza mtaji.

Na dini haikutukataza. Hadithi ile ya Sahih Muslim inayosema kuwa Mwenyezi Mungu anaupenda uzuri ilikuja kujibu suali kuhusu nguo na viatu, vitu vya mwilini vya kila siku, siyo mandhari ya milimani.

Wazazi hasa ndio ninaowaomba. Watoto wetu wa Muscat, Dubai na Doha wamezoea uzuri uliokwisha tengenezwa: duka kubwa, chemchemi ya muziki, taa. Ukimtia dukani Foshan siku nzima, umempeleka kwenye jambo analolijua tayari. Badala yake mchukue kwenye mkahawa wa tambi wa Wahui, ambao hata hivyo mngekula hapo, na umkalishe anapoweza kumwona mpishi. Donge la unga linavutwa, linakunjwa mara mbili, linavutwa tena. Kila mkunjo unaongeza nyuzi maradufu: 2, 4, 8, 16. Mwambie ahesabu. Mkunjo wa nane ni nyuzi 256, na mkono wa yule bwana haujasita wala hautazami. Na weka simu chini wewe kwanza. Ukimrekodi kwa ajili ya kundi la familia, mtoto naye atamtazama mpishi kupitia simu yako.

Tena huko huko Foshan, mtaa wa Shiwan, lipo tanuri la kale la Nanfeng. Limejengwa likipanda kilima kama joka lililolala, tangu enzi za Ming, na wenyeji wanasema moto wake haujazimika kwa miaka mia tano. Vyungu bado vinaingia na kutoka. Kila kigae utakachokichagua kwa sakafu yako, asili ya ufundi wake ni matanuri ya namna ile, na kutoka maduka ya vigae mpaka pale ni mwendo mfupi wa teksi. Mwambie wakala akupeleke. Kwanza atakuuliza unataka kununua nini.