Mazungumzo ya Juma: Tutembelee Visiwa vya Lamu

Miezi michache iliyopita rafiki yangu mmoja, karani wa siku nyingi, alinijia akaniuliza, "Bwana, nimepata likizo ya siku kumi, na nimeweka akiba kidogo. Mke wangu hajapata kuiona bahari tangu azaliwe. Twende wapi?" Nikamjibu, "Nendeni Lamu." Akacheka, akasema kwamba alidhani mahali kama hapo ni pa wageni watokao Ulaya tu. Maneno hayo yalinichoma moyo, na ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Ndugu wasomaji, visiwa vya Lamu ni vyetu. Vikubwa vyake ni Lamu, Manda na Pate, na upande wa kaskazini kiko kisiwa chembamba cha Kiwayu. Mji wa Lamu umekaliwa na watu kwa zaidi ya miaka 700 bila ya kukatika, na mwaka 2001 shirika la UNESCO liliuandika katika orodha ya urithi wa dunia. Ikiwa wageni huvuka bahari kuja kuutazama, sisi tulio karibu tuna udhuru gani?

Atokaye Mombasa hupita Malindi, Garsen na Witu hata afike Mokowe. Huko huliacha gari akapanda chombo cha kuvukia. Mwenye fedha zaidi huenda kwa ndege mpaka Manda, naye pia sharti avuke maji. Kabla ya kufunga safari, ulizeni habari za usalama wa njia, kwa maana tangu mwaka 2014 njia hiyo imepata kushambuliwa mara kadha wa kadha. Tena msiende wakati wa masika. Kaskazi ivumapo, yaani tangu Desemba hata Machi, bahari huwa tulivu kuliko wakati wa kusi, na mtu asiyezoea chombo hatasumbuka sana.

Ukishuka gatini utaona kwamba punda ndiye mchukuzi wa mji. Njia za ndani ni nyembamba, na magari hayana mahali pa kupita. Nyumba za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, na milango yake imechorwa kwa ustadi mkubwa. Iko pia ngome iliyomalizika kujengwa mwaka 1821. Tembea polepole, vaa nguo za heshima, wala usimpige mtu picha kabla ya kumwomba ruhusa. Na ukitaka kupanda mashua, patana bei ukiwa nchi kavu.

Juu ya chakula sina haja ya kusema mengi, maana nitawatia njaa bure. Asubuhi kuna mahamri na mbaazi za nazi. Mchana wali wa nazi na samaki wa kupaka, aliyechomwa kwa makaa akapakwa tui lenye ndimu na viungo. Jioni mishikaki, viazi vya karai, na mkate wa mofa ukiwa moto. Kula katika vyakula vya wenyeji, ili fedha yako ibaki katika mikono iliyopika.

Kutoka mjini waweza kwenda kwa miguu mpaka Shela, na hapo pwani ya mchanga mweupe huanza, yenye urefu wa kilomita 12 hivi. Wasiojua kuogelea wasiende mbali, kwa sababu hakuna mwamba wa kuyavunja mawimbi yatokayo bahari kuu. Nyuma ya pwani hiyo yamesimama machuguu makubwa ya mchanga. Mgeni huyaona kuwa mahali pa kupandia na kupigia picha tu; wenyeji wanajua zaidi.

Rafiki yangu amekwisha kurudi, naye alinisimulia jambo hili. Siku ya kwanza alikuwa akioga huku maji yakimwagika ovyo, kama afanyavyo kwake. Mama mzee mwenye nyumba akabisha mlango akamwambia, "Mwanangu, maji haya yatoka katika mchanga. Mchanga ukiisha, nasi tumekwisha." Yule bwana akaona haya, akafunga mfereji.

Mama yule alisema kweli. Mvua inyeshapo juu ya machuguu ya Shela, mchanga huyanywa maji na kuyahifadhi chini, nayo maji matamu huelea juu ya yale ya chumvi yaliyo chini zaidi. Visima vinavyounywesha mji hutegemea akiba hiyo. Mtu akijenga juu ya machuguu, au akizoa mchanga, au maji yakivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda. Mkulima aliyeona chemchemi yake ikikauka baada ya msitu wa juu kukatwa atanielewa upesi.

Asiyesadiki na avuke mpaka Manda wakati maji yajaapo, apite kati ya mikoko, akatazame magofu ya Takwa. Huo ulikuwa mji wenye msikiti mzuri na ukuta, lakini katika karne ya 17 watu waliuhama. Wako wataalamu wanaodhani kwamba sababu moja ilikuwa visima vyake kuingia chumvi. Ukisimama pale, katikati ya mibuyu, utaona kwamba mji waweza kuwa na mawe imara na bado ukafa kwa kiu.

Kwa hiyo nendeni Lamu, ndugu zangu, pamoja na wake zenu na watoto wenu. Furahini, kuleni, ogeleeni. Lakini tumieni maji kama watu waliokaribishwa nyumbani kwa mtu, na mkiona ramani ya hoteli mpya juu ya machuguu, msiisifu kwanza. Ulizeni maji yatatoka wapi. Wazee walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Basi tusiwe wageni ambao wakiondoka, mwenyeji hubaki na kisima cha chumvi.