Kutua kwa marubani wanafunzi: funzo la Bukoba kuhusu kughairi

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

Abiria anayefika Bukoba kwa ndege kutoka upande wa ziwa huyaona maji hadi dakika ya mwisho. Kisha hutokea ukingo wa ziwa, lami, na magurudumu hugusa ardhi. Ni katika hatua hiyo, asubuhi ya Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja. Kati ya watu 43 waliokuwemo, 19 walipoteza maisha. Wavuvi walikuwa miongoni mwa waliofika kwanza, na watu 24 wakaokolewa.

Ndege ile ilikuwa ya abiria, ikiongozwa na marubani wenye leseni kamili. Hata hivyo, tukio hilo linapaswa kukumbukwa wakati huu ambapo nchi inajenga uwezo wa kufundisha marubani wake yenyewe. Kwa miaka mingi kijana wa Kitanzania aliyetaka kurusha ndege alilazimika kwenda nje, ikiwemo Afrika Kusini, Ethiopia na Kenya, kwa gharama ya mamilioni ya shilingi. Sasa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT), kupitia mradi wa EASTRIP unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, kimewekeza katika mafunzo ya usafiri wa anga, zikiwemo ndege ndogo za kufundishia. Mafunzo yakiongezeka nchini, wananchi wataanza kusikia pia habari za ndege ndogo kudunda, kupasua tairi au kutoka nje ya lami.

Habari hizo zisipokelewe kwa mshtuko, lakini pia zisipuuzwe.

Kutua ndiko kunakomchukua mwanafunzi muda mrefu zaidi kukuzoea. Ndege ndogo ya mafunzo kama Cessna 172 huukaribia uwanja kwa mwendo wa takribani kilomita 120 kwa saa. Ikibakiza mita chache, mwanafunzi hupunguza nguvu ya injini na kuinua pua taratibu ili magurudumu ya nyuma yaguse kwanza. Akiinua mapema, ndege hupoteza nguvu ya kuelea na kuanguka kwa kishindo. Akichelewa, gurudumu la mbele hugonga lami na ndege hudunda. Kinachoharibu zaidi ni kile anachofanya baada ya hapo: husukuma usukani mbele kwa hofu, ndege hudunda mara ya pili kwa nguvu kubwa kuliko ya kwanza, na mguu wa mbele huvunjika. Mara nyingi rubani hutoka mzima, lakini ndege hulala karakana kwa miezi.

Mazingira ya ukanda huu huongeza ugumu. Ziwa Victoria liko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi, hivyo mwendo halisi wa ndege huzidi ule unaosomeka kwenye kipima mwendo kwa asilimia sita au zaidi, na ndege huhitaji lami ndefu zaidi ili isimame. Mvua za radi zinazojikusanya ziwani usiku husukumwa na upepo kuelekea magharibi, zikaifikia Bukoba asubuhi. Maji yaliyotulia nayo hudanganya macho: pasipo miti wala nyumba za kulinganishia, rubani hujiona yuko juu kuliko alivyo, akashuka kupita kiasi. Wakufunzi huwaonya wanafunzi juu ya jambo hili tangu darasani, kwa kuwa anayelipata kwa mara ya kwanza akiwa peke yake angani amechelewa.

Dawa ya karibu makosa yote haya ni moja, nayo ni kughairi: kuongeza nguvu ya injini, kupaa tena na kuzunguka upya, au kwenda uwanja mwingine. Hapa sisi abiria tuna sehemu yetu. Ndege inapozunguka juu ya Bukoba na kisha kurudi Mwanza kwa sababu ya hali ya hewa, manung'uniko husikika, kana kwamba rubani ameshindwa kazi. Mwanafunzi aliyekulia katika manung'uniko hayo huingia darasani akiamini kuwa kughairi ni aibu, na mkufunzi hutumia muda mwingi kumwondolea imani hiyo.

Upande wa taratibu, Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 kinaeleza kuwa lengo pekee la uchunguzi wa ajali ya ndege ni kuzuia nyingine isitokee, si kutafuta wa kulaumiwa. Hilo lina uzito kwa vyuo, kwa sababu mwanafunzi anayeogopa kufukuzwa ataficha kuwa ndege ilidunda, na anayefuata ataipaa ikiwa na ufa usioonekana.

Viwango vya kimataifa vinamtaka mwombaji wa leseni ya rubani binafsi awe na umri usiopungua miaka 17 na saa 40 za kurusha ndege, au 35 iwapo amesoma katika kozi iliyoidhinishwa, zikiwemo 10 za kuruka peke yake chini ya usimamizi wa mkufunzi. Saa hizo ni kiwango cha chini tu. Mzazi wa Muleba anayeweka akiba ya fedha za kahawa ili mwanawe asomee urubani anayo haki ya kukiuliza chuo maswali zaidi ya ada: kama kimeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), mwanafunzi hutua mara ngapi na mkufunzi kabla ya kuachiwa ndege, na matukio ya kutua vibaya huandikwa wapi na kusomwa na nani. Chuo kikijibu kuwa hakijawahi kupata tukio hata moja, mzazi aombe kuliona daftari lenyewe.