Damu ya Watoto Wetu na Kazi ya Watafiti



Mara kwa mara wazazi hutuuliza swali hili wodini: "Hawa wanaokuja na daftari na sindano, damu ya mtoto wangu wanaipeleka wapi?" Ni swali la haki. Mzazi anayeuliza hivyo si mkorofi wala si mjinga. Mwezi huu tungependa kulijibu kwa kutumia ugonjwa mmoja unaofahamika katika sehemu zetu zenye malaria nyingi, yaani ile saratani ya watoto inayovimbisha taya. Kitaalamu huitwa limfoma ya Burkitt.

Huu ni mmoja wa saratani za damu. Huanzia katika chembechembe nyeupe, zile ambazo kazi yake ni kutukinga na maradhi. Chembe moja huharibika, ikaanza kuzaana bila mpango, na uvimbe ukaota katika taya, jichoni au tumboni. Hukua upesi mno. Uvimbe waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Huwashika zaidi watoto wa miaka 4 hadi 10. Hautokani na uchawi wala laana ya ukoo, na mtoto hawezi kumwambukiza mwenzake saratani hii.

Je, tumeyajuaje haya?

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, Dakta Hugh Trowell alimwita mwenzake mpasuaji, Denis Burkitt, amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Muda mfupi baadaye Burkitt alimwona mtoto mwingine wa namna hiyo huko Jinja. Akaanza kupekua rejesta za wagonjwa, na akaandikia hospitali za serikali na za misheni katika nchi nyingi za Afrika akiuliza: Je, mnauona ugonjwa huu?

Mwaka 1961 alifunga safari ya gari ya wiki kama 10 kutoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi, mwendo wa kilometa zipatazo 16,000. Alifuatana na Cliff Nelson na Ted Williams, daktari wa hospitali ya misheni ya Kuluva, karibu na Arua. Walikwenda hospitali hadi hospitali wakiuliza na kuandika. Waliona kwamba ugonjwa uko kwenye joto na mvua, na kwamba haupo kwenye nyanda za juu zenye baridi. Ramani yao ilifanana sana na ramani ya mbu.

Burkitt alipeleka pia vipande vya uvimbe London kwa Anthony Epstein. Mwaka 1964 Epstein na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, walitangaza kwamba wameona ndani yake kirusi kipya. Leo kinaitwa kirusi cha Epstein-Barr. Lakini fumbo halikuishia hapo, maana karibu watu wote duniani hukipata kirusi hicho, na wengi hakiwadhuru. Kwa nini basi kimdhuru mtoto wa West Nile kuliko mtoto wa London?

Hapo ndipo damu ya watoto ilipohitajika. Kuanzia mwaka 1972 watafiti wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon, Ufaransa, wakiongozwa na Guy de-Thé, walichukua damu ya watoto wapatao 42,000 katika wilaya ya West Nile, wakaitunza na kusubiri. Wachache kati ya watoto hao waliugua baadaye. Damu yao ya zamani ilipopimwa, ilionekana kwamba kirusi kilikuwa kimewaelemea kuliko wenzao muda mrefu kabla ya uvimbe kutokea.

Upande wa Tanzania, huko Mara ya Kaskazini, watoto walipewa vidonge vya klorokwini kuanzia mwaka 1977 hadi 1982 ili ionekane kama kuzuia malaria kutapunguza saratani hii. Hospitali ya misheni ya Shirati ilishiriki. Ugonjwa ulipungua, lakini ulikuwa umeanza kupungua kabla ya vidonge. Watafiti walisema wazi kwamba huo si ushahidi wa kutosha. Tunawaheshimu kwa ukweli huo.

Kisha, kati ya mwaka 2010 na 2016, ulifanyika utafiti mkubwa katika Uganda, Tanzania na Kenya, ukiongozwa na Dakta Sam Mbulaiteye, mwana wa Uganda anayefanya kazi katika taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani. Hospitali za Lacor na Kuluva kule Uganda, na Bugando na Shirati hapa Tanzania, zilishiriki. Mtu aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu haugui selimundu, na malaria kali humpata kwa nadra. Watafiti wakajiuliza: kama malaria huchangia saratani hii, je, watoto wa namna hiyo hawataipata kwa uchache zaidi? Wakapima, wakakuta ndivyo ilivyo. Kwa hiyo leo tunasema kwa uhakika zaidi kwamba malaria ya kurudia-rudia na kile kirusi hushirikiana kumletea mtoto ugonjwa huu.

Tunasema nini basi sisi wauguzi?

Kwanza, ugonjwa umepewa jina la mtu mmoja, lakini maarifa haya si ya mtu mmoja. Yamo ndani yake majina ya vijiji yaliyoandikwa sawasawa na makarani wa rejesta. Umo uvumilivu wa akina mama waliokubali mtoto mzima achomwe sindano ili alinganishwe na mgonjwa. Bila mtoto mzima wa kulinganisha naye, mtafiti angebaki gizani. Hivyo tunawaomba: mtafiti akija kwa utaratibu, akipitia hospitali na uongozi wa kijiji, msikilizeni. Mwambieni ukweli kuhusu umri, makazi na maradhi ya mtoto. Kadi ya kliniki itunzwe.

Pili, wapo wanaosema: "Walichukua damu, wakaondoka, nasi tungali tunazika." Hatuwezi kuwakatalia kabisa. Katika nchi tajiri zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wenye saratani hii hupona. Kwetu hupona wachache zaidi, ingawa dawa zinajulikana, kwa sababu ya kuchelewa, umbali, gharama na kuacha matibabu katikati. Kwa maoni yetu, mtafiti ana deni. Aeleze nia yake kwa lugha ambayo bibi wa mtoto ataielewa. Anayekataa asinyimwe matibabu. Na majibu yakipatikana, yarudi kijijini, yasiishie katika vitabu vya Ulaya na Marekani. Mzazi ana haki ya kudai hayo kabla hajatia sahihi wala dole gumba.

Tatu, maarifa haya tayari yana kazi nyumbani. Watoto walale ndani ya chandarua kila usiku, si wakati wa masika tu. Homa ipimwe na dawa ya malaria imalizwe. Mtoto akivimba taya, meno yakilegea kabla ya wakati wake, jicho likisukumwa nje au tumbo likijaa, msikimbilie kumng'oa jino wala kumchanja. Mleteni hospitali wiki hiyo hiyo. Na dawa zikianza, msimwondoe kwa sababu uvimbe umenywea. Huu ni ugonjwa unaonywea upesi kwa dawa na kurudi upesi dawa zikikatizwa.

Kwa hiyo mzazi akituuliza tena damu inakwenda wapi, tutamwonyesha chandarua kilichotundikwa juu ya kitanda na chupa ya dawa iliyo karibu nacho. Sehemu ya jibu iko hapo. Sehemu iliyobaki tuendelee kuidai pamoja.