Kabla ya Kumfukuza Kocha, Tuulize Pesa

Timu ndogo ikifungwa mara tatu, barazani sote twamwandama kocha. Mimi huuliza kwanza: je, wachezaji wamelipwa?

Tuwatazame Bury wa Uingereza. Msimu wa 2018/19 kocha Ryan Lowe alimaliza wa pili katika ligi ya daraja la nne, akaipandisha timu huku wachezaji wakidai mishahara. Mwenye klabu, Steve Dale, alikuwa ameinunua kwa pauni 1 tu. Agosti 2019 klabu hiyo ya tangu 1885 ikatimuliwa ligini kwa kushindwa kuonyesha kuwa ina fedha.

Rekodi ya kocha haikuiokoa. Nasi Wapwani, kabla ya kumzomea mtu uwanjani, tudai viongozi watusomee hesabu za klabu hadharani.