Jenereta ya Pampu: Soma Kibao Kwanza

Ndugu msomaji, tuseme unakaa Mapinga, una bustani ya mchicha na kisima, na pampu yako huendeshwa na mota ya umeme. Umeme hukatika siku za jua kali, mboga zanyauka, nawe umekata shauri kununua jenereta. Kabla hujatoa fedha, kasome kibao cha mota.

Tuseme kibao chasema volti 230, ampea 10, na cos φ 0.8. Zidisha volti kwa ampea, wapata 2300. Hizo ni volti-ampea, yaani kVA 2.3, nayo huitwa nguvu inayoonekana. Zidisha tena kwa 0.8, wapata wati 1840. Hiyo ndiyo nguvu iliyo kazini.

Utauliza, ile nyingine imekwenda wapi? Fikiri watu wanaokokota mtumbwi kwa kamba, wao wakitembea ukingoni. Kamba imekaa mshazari, basi sehemu ya mvuto wao huuvuta mtumbwi kuelekea ukingoni tu, wala si mbele. Hata hivyo kamba yabeba mvuto wote. Mota nayo yahitaji umeme wa kufanya usumaku ndani yake. Umeme huo huenda na kurudi tu, haupandishi hata tone moja la maji, lakini nyaya na jenereta sharti viubebe.

Hapo ndipo watu wengi huuziwa kitu kisichofaa. Muuzaji akikuambia, "Pampu yala wati 1840, jenereta hii ni kVA 2, yatosha," usikubali. Kwa volti 230 jenereta hiyo hutoa ampea 8.7 tu, na mota yataka 10.

Tena kuna shida ya kuanza. Mota ikiwashwa huvuta ampea mara 5 hata 7 kwa muda mfupi. Kwa hiyo mafundi wengi huchagua jenereta yenye kVA mara 2 au 3 za mota. Kwa pampu hii, kama 5 hadi 7. Bei ni kubwa, sikatai.

Mita ya LUKU nyumbani huhesabu kazi tu. Wateja wakubwa, kama viwanda, TANESCO huwatoza pia kwa kVA, na ndiyo sababu hufunga kapasita ili kuzipunguza.

Na ikiwa mota yako ni ya fezi 3, kama zile za mashine za kusaga, zidisha volti 400 kwa ampea, kisha kwa 1.73. Ampea 15 zitakupa kVA 10.4 hivi.