Ndoto ya mvuke ilitia nanga Nyanza

Mwaka 1863 mwandishi Mfaransa Jules Verne, ambaye hakuwahi kufika Afrika Mashariki, alitoa riwaya ya Waingereza watatu waliopaa kwa puto kutoka Zanzibar, wakapita juu ya Tabora, wakavuka Ziwa Victoria na kuendelea magharibi hadi Senegal. Watu wa Tabora katika kitabu hicho wanadhani puto ni mwezi ulioshuka duniani. Hapo ndipo penye kasoro kubwa ya ndoto za enzi ile: mashine ilipewa akili kuliko wenyeji.

Ndoto yenyewe haikukawia kufika. Mwaka 1900, kabla reli haijafika Kisumu, meli ya mvuke William Mackinnon ilishushwa majini huko. Ilikuwa imeundwa Paisley, Scotland, ikafunguliwa vipande vipande, na sehemu ya mzigo huo ikasafiri kutoka pwani juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Baadaye zikaja Winifred na Sybil, nazo zikiwa vipande, safari hii kwa reli, zikaungwa upya kwa ribiti. Kendu Bay, Homa Bay na Karungu zikawa bandari zenye mlio wa honi na moshi wa meli.

Siku hizi kuna tapo zima la fasihi na sanaa linaloishi kwa kumbukumbu za namna hiyo. Linaitwa stimupanki, jina lililotungwa na Mmarekani K. W. Jeter mwaka 1987. Wapenzi wake huchukua mvuke, shaba, ngozi na meno ya gia, kisha huwaza dunia ambayo mambo yangekwenda njia nyingine. Hurudi kwa Verne na kwa H. G. Wells, aliyetoa hadithi ya mashine ya kusafiri katika wakati mwaka 1895. Hurudi pia kwa mchoraji Albert Robida, ambaye mwaka 1883 alichora watu wakitazamana na kuongea kupitia kioo wakiwa mbali mbali. Mama wa Mbita anayempigia mwanawe simu ya video Nairobi anafanya jambo ambalo Robida alilichora zaidi ya miaka 140 iliyopita.

Mvuto wa haya yote unaeleweka. Simu ni kioo kilichofungwa kwa gundi, na ikifa wengi hawajui hata pa kuanzia. Mashine ya kale hufanya kazi mbele ya macho ya watu. Anayetaka ushahidi aende kwenye kinu cha kusaga unga ambacho bado kinaendeshwa kwa injini ya dizeli ya muundo wa Lister, uliotoka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1920 na kunakiliwa India kwa miongo mingi. Mwendeshaji huinua kishikio cha valvu ili silinda ipumue, huzungusha hendeli mpaka magurudumu mazito mawili yashike kasi, kisha huachilia. Injini hukohoa, moshi hutoka, mkanda huanza kukimbia, na maji ya kupoza huzunguka kutoka pipa lililo kando. Mtoto aliyetumwa na debe la mahindi huweza kujifunza umekanika akingoja zamu yake.

Hata mvuke wenyewe haujafa. Kiwanda cha sukari cha Sony mjini Awendo, kilichoanza kazi mwaka 1979, kilijengwa juu ya kanuni ile ile: makapi ya miwa huchomwa kwenye boila, mvuke huzungusha mitambo, kisha mvuke uliopungua nguvu huchemsha maji ya miwa mpaka yawe sukari. Verne angekielewa kiwanda hicho mara moja.

Lakini kupenda shaba inayong'aa bila kuuliza nani aliibeba ni kosa, na tapo hili hulifanya mara nyingi mno. Reli ya Mombasa hadi Kisumu ilijengwa na Wahindi wapatao 32,000, na karibu 2,500 kati yao walikufa kazini. Kodi ya nyumba ikafuata, ikawalazimisha vijana wa Nyanza kutafuta vibarua mbali na kwao. Septemba 1914, Winifred na Muansa, chombo cha Wajerumani, zilikabiliana katika ghuba ya Karungu, katika vita ambavyo wenyeji hawakuvianzisha.

Dawa ya kosa hilo ni kuziandika hadithi hizi upya kutoka ufukweni. Nisi Shawl wa Marekani alionyesha njia mwaka 2016 kwa riwaya ya Everfair, inayoiwaza Congo ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji ambamo watu wanajikomboa na kujenga vyombo vyao vya angani. Nairobi, msanii Cyrus Kabiru ametengeneza miwani ya ajabu kwa nyaya na vyuma vilivyotupwa, na kazi zake zimezunguka dunia. Homa Bay ina Gor Mahia wa Kanyamwa, anayesimuliwa kwamba aliweza kujigeuza umbo machoni pa Waingereza. Mwandishi kijana wa Ndhiwa atakayemkutanisha Gor Mahia na nahodha wa Winifred atakuwa na kitabu ambacho London haiwezi kukiandika.

Kazi hiyo inahitaji vitu vya kushika. Thimlich Ohinga, ngome ya mawe yaliyopangwa bila saruji huko Migori, iliingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2018, na ilistahili. Chuma cha karne iliyopita hakijapata heshima hiyo. Huko Macalder, mgodi wa shaba na dhahabu ulifungwa mwaka 1966, na leo wachimbaji wadogo huosha upya mabaki yake.

Kaunti za Migori na Homa Bay zitenge makavazi madogo ya mashine, hata kama ni chumba kimoja kando ya gati. Vyuo vikuu vya Rongo na Tom Mboya viwatume wanafunzi na vinasa sauti kwa mabaharia wa meli za ziwani na kwa waliofanya kazi Macalder. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 mgodi ulipofungwa sasa amefikia miaka 80, kwa hiyo kazi hiyo ianze mwaka huu.